Kwanza Maji Yachemke

Hoja iliyo mezani ni hii: mtoto wa shule ya msingi hapa Buhare aanze kufundishwa hali za maada kwa kitabu na ubao, vitu vifuate baadaye kama mifano? Au aanzie kwenye vitu vyenyewe, avishike na kuvipima, kisha kitabu kije kuvipanga?

Mjadala wenyewe nimeupanga mimi. Sauti zake hazina majina kwa kuwa si za watu fulani; ni za aina ya watu ambao yeyote aliyekaa upande huu wa Musoma amekwisha kukutana nao. Yupo mwalimu wa Sayansi wa Darasa la Tano. Yupo mzee mstaafu aliyekuwa mthibiti ubora wa shule. Yupo mama wa dagaa, mzazi wa mtoto aliye darasani humo. Na yupo kijana anayesoma Chuo cha Maendeleo ya Jamii, hapa hapa Buhare. Nitawakatiza pale nitakapoona lazima, na upande wangu nitausema wazi.

MZEE: Tuanze na jambo lisilo na ubishi. Yabisi ina umbo lake na ujazo wake. Kimiminika kina ujazo wake, ila umbo huazima la chombo. Gesi haina umbo wala ujazo wake maalumu, hujaa popote inapofunguliwa. Sentensi tatu. Mtoto akizishika, anaweza kukipa kila kitu mahali pake. Ukimpeleka mwaloni kabla hajazishika, atarudi ameona mengi na hajui aliloliona.

MWALIMU: Shikamoo mzee wangu.

MZEE: Marahaba, mwalimu.

MWALIMU: Sentensi hizo nimeziandika ubaoni kila mwaka, na watoto wanazinakili bila kosa. Halafu mmoja ananyoosha kidole na kuuliza, unga wa muhogo ni nini? Ukiumimina unateremka. Ukiutia kwenye debe unakaa kwa umbo la debe. Kwa sentensi zako, mzee, unga ni kimiminika.

MZEE: Unga ni chembe za yabisi zilizo nyingi. Kila chembe ina umbo lake.

MWALIMU: Ni kweli, lakini jibu hilo halimo katika zile sentensi tatu. Mtoto atalipata akiumwaga unga juu ya meza, auone umesimama kama kichuguu, kisha amwage maji pembeni yake ayaone yametambaa hadi ukingoni. Akiuchukua mchanga wa ziwani atauona unafanya vilevile. Hapo ndipo sentensi ya kitabu inaanza kumsaidia, kwa sababu sasa ana swali la kuipelekea.

MZEE: Umechagua mfano unaokufaa. Na mimi nichague wangu. Yai bichi ni majimaji. Lipashe moto, linakuwa gumu. Unga na maji ni uji. Ongeza unga, ongeza moto, songa, unapata ugali ambao unaweza kuumega. Maziwa fresh ukiyaacha kwenye kibuyu yanaganda bila kuona friji. Sasa mtoto wako wa vitendo, ambaye hajapewa kanuni, atahitimisha nini? Kwamba moto hugandisha! Waliotunga kitabu walichagua barafu, maji na mvuke kwa makusudi, kwa sababu kitu ni kilekile mwanzo hadi mwisho, na kinarudi kilikotoka. Jikoni kwa mama mambo yote yamechanganyika.

Sitamruhusu mwalimu alipite jambo hili haraka, maana mzee ana hoja nzito. Watetezi wengi wa mafunzo ya mazingira hudhani kila kilicho karibu na mtoto ni mfano mzuri. Sivyo. Yai likichemka, protini zake hukunjuka na kushikamana upya, na hakuna ubaridi wa kulirudisha. Wanga wa ugali hunywa maji na kuvimba. Maziwa hugandishwa na asidi inayotengenezwa na bakteria. Hayo matatu si badiliko la hali ya maada analolizungumzia kitabu cha Darasa la Tano, na mwalimu asiyelijua hilo atapotosha darasa zima huku akipigiwa makofi kwa ubunifu.

MWALIMU: Nakubali, mzee, na ndiyo sababu siwezi kuvificha vitu hivyo. Mtoto anaviona kila siku. Nisipovitaja, atavijibu mwenyewe kimyakimya na kuvibeba hadi sekondari. Mimi huleta mshumaa na yai siku moja. Mshumaa unayeyuka, unaganda, unayeyuka tena. Yai halirudi. Nawaachia wao wapange: kipi kinarudi, kipi hakirudi? Mabishano ya kipindi hicho hayafanani na siku niliyowasomea.

KIJANA: Na hilo ndilo Mwalimu Nyerere alilolililia katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967. Alilaumu shule inayomfanya mtoto aamini kuwa maarifa ni ya vitabuni na kwa wasomi tu, hata akaanza kudharau wanayoyajua wazee wake. Na huyo ni mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, hapa Musoma, mwaka 1934. Buhare tuna mwalo, tuna wavuvi, tuna akina mama wanaokausha dagaa. Kila kitu cha mada hii kipo.

MAMA: Mwanangu, ngoja kidogo. Umenitaja, sasa nisikilize. Mimi sikumpeleka mtoto shule akafundishwe kukausha dagaa. Kukausha dagaa nitamfundisha mwenyewe, tena bure. Nilimpeleka akajue nisiyoyajua. Mkinirudishia mtoto anayejua ninayoyajua mimi, mmeniibia miaka.

Tusiyapite maneno haya kirahisi. Mzazi anayesema hivyo haidharau kazi yake. Anajua thamani ya shule kuliko wengi wanaoitungia mipango, na anadai shule impe mtoto kitu cha ziada. Elimu ya Kujitegemea yenyewe, ilipofika vijijini, mara nyingi iliishia kuwa jembe na bustani ya shule, na wazazi wakaona watoto wao wanalimishwa. Kijana hana budi kujibu hilo, na hawezi kulijibu kwa kumtaja Nyerere mara ya pili.

KIJANA: Mama, nisamehe. Naomba nikuulize basi. Dagaa wako wanakauka kwa nini?

MAMA: Kwa jua.

KIJANA: Jua likiwa kali lakini hewa imetulia na ina unyevu, kabla ya mvua?

MAMA: Hapo hawakauki vizuri. Wanachemka juu, ndani wanalegea, wanaanza kunuka. Upepo ndio unakausha. Siku ya upepo hata jua likiwa la kawaida, jioni unakusanya. Na usiwalundike; watandaze wasipandane. Wakiwa kwenye kichanja wanapata hewa chini na juu, wanakauka upesi kuliko wa mchangani.

MWALIMU: Mama, umetaja mambo manne yanayotawala kasi ya mvukizo: joto, upepo, unyevu wa hewa na ukubwa wa eneo lililo wazi. Nimesimamia mitihani ambayo watoto waliulizwa jambo hilihili wakataja moja tu, jua.

MAMA: Basi mtoto wangu akiulizwa ataandika manne.

MWALIMU: Ataandika, lakini hatakuwa amejifunza usilolijua. Usilolijua ni hili: maji yaliyotoka kwa dagaa yamekwenda wapi?

MAMA: Yamekauka. Yameisha.

MWALIMU: Hayajaisha. Yako hewani, kila tone. Na ziwa lenyewe linafanya kama dagaa wako. Maji yanayoingia Ziwa Victoria, karibu asilimia 80 ni mvua inayoanguka juu ya ziwa lenyewe. Mito inaleta kilichobaki. Na yanayotoka, sehemu kubwa kabisa haishuki na mto Nile. Inapanda juu kama mvuke, bila kuchemka, kutoka kwenye maji unayoweza kutia mkono.

MAMA: Hayo sikuyajua.

MWALIMU: Na mvuke huo ukipoa huko juu na kurudi kuwa matone, unatoa joto lilelile ulilochukua ulipopanda. Joto hilo linalisukuma wingu lizidi kupanda. Ndiyo moja ya nguvu za dhoruba za usiku zinazowakuta wavuvi wa dagaa na taa zao katikati ya ziwa.

Mama hasemi kitu kwa muda. Watu wa mwaloni hawahitaji kuelezwa dhoruba ya usiku ni nini.

MZEE: Mwalimu, umefundisha vizuri sana. Lakini angalia ulivyofundisha: ulimwambia. Hukumpeleka ziwani kupima mvuke. Kitabu ndicho kilichompa asilimia 80. Na nina ushahidi zaidi kuwa kuona hakutoshi. Mwaka 1983 watafiti wawili wa New Zealand, Roger Osborne na Mark Cosgrove, walichapisha utafiti waliofanya kwa watoto wa miaka 8 hadi 17. Waliwaonyesha maji yanayochemka, wakawauliza, mapovu yale ndani yake kuna nini? Wapo waliosema joto. Wapo waliosema hewa. Wengine, tena wakubwa waliokwisha soma sayansi, walisema oksijeni na haidrojeni. Watoto hao waliona birika likichemka majumbani mwao maisha yao yote. Kuona kuliwasaidia nini?

MWALIMU: Kuona bila kuulizwa hakukuwasaidia. Na kusoma bila kuulizwa hakukuwasaidia pia, mzee; hao waliosema oksijeni na haidrojeni walizitoa kitabuni. Mimi siombi watoto waangalie tu. Naomba watabiri kwanza, waandike utabiri wao, ndipo tuwashe jiko. Mapovu madogo ya mwanzo, yale yanayoshika kuta za sufuria kabla maji hayajawa ya moto sana, ni hewa iliyokuwa imo ndani ya maji. Makubwa ya mwisho yanayopasuka juu ni maji yenyewe katika hali ya gesi. Tunashika kifuniko cha baridi juu yake, kinatona. Kama ingekuwa hewa tu, kifuniko kingebaki kikavu. Halafu nawaambia waangalie mdomo wa birika. Karibu kabisa na mdomo hapaonekani kitu. Weupe unaanzia mbele kidogo. Mvuke wenyewe hauonekani. Ule weupe tunaouita mvuke ni matone madogo ya maji yaliyokwisha kupoa. Nilipolijua hilo nilikuwa nimekwisha kuwa mwalimu.

KIJANA: Na maji ya chungu?

MWALIMU: Chungu cha udongo kinavuja kidogo kidogo kupitia kuta zake. Maji yanayofika nje yanavukizwa, na ili yavukizwe yanahitaji joto, yanalichukua kwenye chungu na kwenye maji yaliyobaki ndani. Bibi zetu walipoza maji bila umeme kwa badiliko la hali ya maada.

Sasa tufike kwenye kipimo, kwa sababu hapa ndipo mjadala unapokuwa na makali. Kitabu kinasema maji huchemka kwa nyuzi joto 100. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Buhare iko juu kidogo ya hapo. Katika mwinuko huo hewa inayokandamiza maji ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa kila mita 300 hivi unazopanda, unapoteza karibu nyuzi moja. Juu kabisa ya Kilimanjaro, mita 5,895, maji yanatokota kwenye nyuzi 80 hivi, na maharage yangekutoa jasho la bure.

MWALIMU: Mtoto amechemsha maji, ametia themometa, amesoma 96. Ameniuliza, mwalimu, niandike ngapi?

MZEE: Aandike 100. Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi ni wa taifa zima. Wa Buhare na wa Kigamboni wanaulizwa swali moja, na jibu liko moja. Wewe utamtetea wapi akikosa?

MWALIMU: Na akiandika 100 wakati macho yake yameona 96, nimemfundisha nini?

MZEE: Umemfundisha kuwa themometa za bei nafuu hukosea. Hilo nalo ni kweli! Umejuaje kuwa ni mwinuko, na si kifaa kibovu? Umejuaje kuwa mtoto hakusoma vibaya? Mimi nimepita shule nyingi. Nimeona vipimo vilivyofutika namba. Mwalimu akiacha kila mtoto aje na jibu lake, kesho mmoja atasema maji yake yamechemka kwa 88, na utamwambia nini?

MWALIMU: Nitamwambia tuipime themometa yako kwenye barafu. Twende kwa muuza barafu wa samaki, tuchukue ya maji safi, tuiponde, tuiache ianze kuyeyuka, tutie themometa ndani. Barafu inayoyeyuka haijali mwinuko. Buhare au Tanga, ni nyuzi 0. Themometa ikisoma 0 pale, na ikasoma 96 kwenye maji yanayochemka, tuna sababu ya kuiamini. Ikisoma mbili kwenye barafu, tunajua inapotoka kwa kiasi gani, na hatuiamini tena moja kwa moja. Yule wa 88 atajua mwenyewe kifaa chake kina kasoro, bila mimi kumwambia amekosea.

MZEE: Hiyo nimeipenda.

Upande wangu ni huu. Naamini nyuzi 96 za Buhare zinafundisha zaidi ya 100 za kitabu, kwa sharti kwamba mwalimu yupo wa kuuliza kwa nini. Mtoto aliyezipata ameshika ushahidi kuwa hewa ina uzito, kwamba inayakandamiza maji, kwamba ikipungua maji huachana kwa urahisi zaidi. Mtoto wa pwani hawezi kulipata jambo hilo kwenye sufuria yake. Kwa hiyo kazi ya mwalimu si kuchagua kati ya kitabu na themometa nani ameshinda. Ni kuvifanya vyote viwili vijieleze. Na watunga mitihani wana kazi ndogo tu ya kufanya: waongeze maneno "kwenye usawa wa bahari" katika swali lao. Maneno hayo manne yataondoa uongo kwa watoto wa Mara, wa Iringa, wa Mbeya, na wa Arusha.

Nina sababu nyingine ya kusimama upande huu, nayo ni ya kwetu.

Mwaka 1963 mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Jina lake Erasto Mpemba. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kuchanganya sukari, kuyaacha yapoe, ndipo yatiwe kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo na wanafunzi waliigombania. Mpemba aliyaingiza yake yangali moto. Mwenzake aliyaingiza yasiyochemshwa kabisa. Baadaye walipofungua, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kuwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu mwingine akamwambia hiyo si fizikia ya ulimwengu, ni fizikia ya Mpemba. Darasa likalichukua neno hilo kuwa mzaha wa kila siku. Kisha akaja mgeni, Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam (si yule Osborne wa New Zealand aliyetajwa na mzee), akatoa mhadhara, akaruhusu maswali. Mpemba akasimama, akauliza lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakusema ndiyo wala hapana. Alirudi Dar es Salaam, likajaribiwa maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Leo dunia nzima inalitaja jambo hilo kwa jina la kijana huyo.

MZEE: Nilijua utalifikia hilo. Sasa nikukumbushe kilichofuata. Wanasayansi bado wanabishana. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao katika Scientific Reports wakasema hawakuona ushahidi wa maana kuwa maji moto hutangulia kufika nyuzi 0. Wakaonyesha kuwa ukiisogeza themometa sentimeta moja tu, matokeo yanageuka. Basi je, mtoto yule alikuwa sahihi?

MWALIMU: Sidai alikuwa sahihi kila mahali na kila mara. Nadai alistahili kujaribiwa. Walimu wake wawili hawakuwa na ushahidi kuwa amekosea. Walikuwa na kitabu tu. Na hao wa mwaka 2016 walimjibu Mpemba kwa heshima aliyokosa darasani: kwa kupima.

MZEE: Sawa. Lakini nawe kubali kwamba jibu lilihitaji maabara. Jokofu la shule lisingetosha.

MWALIMU: Nakubali. Swali ndilo lililotoka kwenye jokofu la shule.

KIJANA: Naomba turudi Mara. Kuna badiliko la hali moja ambalo mkoa huu hauwezi kulikwepa, na ninaona aibu kwamba halimo katika mazungumzo yetu. Zebaki.

MZEE: Hiyo si ya watoto.

KIJANA: Mzee wangu, watoto wako karibu nayo. Katika machimbo madogo ya dhahabu, kama kule Buhemba wilayani Butiama, mchanga uliosagwa huchanganywa na zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu, linakuwa donge. Donge linachomwa. Zebaki inachemka kwa nyuzi 357. Inaondoka kama gesi isiyo na rangi wala harufu, dhahabu inabaki. Kwa macho, kazi imekwisha. Lakini ile gesi imeingia kwenye mapafu ya aliyeinama, na ya mtoto aliyesimama pembeni. Iliyobaki inapoa, inarudi kuwa kimiminika, inatua kwenye bati, kwenye ukuta, kwenye vyombo. Kama wamechomea ndani, inatua jikoni. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania, wakiwemo wanaoishika zebaki kwa mikono. Mwaka huohuo mataifa yaliupitisha Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti.

MAMA: Mimi nimewaona wanaochoma. Wanaona moshi, wanageuza uso. Moshi ukiisha wanasogea.

KIJANA: Kwa sababu hawajafundishwa kuwa gesi inaweza kuwepo bila kuonekana. Mama, hilo ni somo la Darasa la Tano. Weupe wa birika na utupu ulio karibu na mdomo wake. Mtoto aliyelielewa pale ataelewa kwa nini asisogee. Na ataelewa kile kifaa kilichofungwa kinachonasa mvuke wa zebaki, kikaupoza, kikairudisha zebaki chini itumike tena. Ni mvukizo na mtonesho, kama kifuniko cha sufuria.

MZEE: Lakini asije mtu akaleta zebaki darasani. Hata chembe.

MWALIMU: Hata chembe. Na themometa ya zahanati isiletwe pia. Inaishia nyuzi 42, ukiitia kwenye maji ya moto inapasuka, na zile za zamani zina zebaki ndani. Tunatumia ya maabara yenye spiriti nyekundu, inayofika 110.

MZEE: Vema. Sasa niambie, maana mimi nimekagua madarasa. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, na wewe unajua madarasa mengi yamevuka hapo kwa mbali. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Una jiko la mkaa, maji yanayotokota, na watoto wanaosukumana waone. Mmoja akiungua, hoja zako zote zimeungua.

MWALIMU: Jiko linawashwa nje na ninalishika mimi. Mtoto mmoja anasoma themometa kwa zamu, wengine wamekaa mbali na madaftari, wanaandika namba anayoitaja kila baada ya dakika moja. Chombo kimoja kinatosha darasa zima. Na namba ndizo zinazofundisha. Zinapanda: 40, 55, 70, 85. Halafu zinasimama. Tisini na sita, tisini na sita, tisini na sita. Moto unawaka, mkaa haujapungua, na namba hazipandi. Watoto wanadhani themometa imekufa! Nawauliza, joto linakwenda wapi?

MAMA: Linakwenda wapi?

MWALIMU: Linatumika kuyaachanisha maji yawe mvuke. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka yote kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya mara tano ya joto ulilotumia kuyapasha kutoka ubaridi wa barafu. Ndiyo maana mvuke ukikupiga mkononi unaunguza kuliko maji yenyewe: ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na lile joto lote unakuachia wewe. Na barafu hivyohivyo. Kilo moja ikiyeyuka inameza joto ambalo lingeipasha kilo moja ya maji kutoka 0 hadi karibu 80. Kwa hiyo samaki waliofunikwa kwa barafu inayoyeyuka wanapozwa kuliko wale waliotiwa kwenye maji ya baridi.

MAMA: Sasa hapo umenigusa. Sisi tunaimwaga barafu ikianza kuyeyuka, tunasema imeharibika.

MWALIMU: Mwageni maji, acheni barafu. Inafanya kazi wakati huohuo inapoyeyuka.

MZEE: Mimi bado naweka sharti langu. Mwisho wa kipindi, zile sentensi tatu ziandikwe ubaoni, zinakiliwe, zikaririwe. Mtoto akifika sekondari atayakuta yote haya kwa Kiingereza, na asiyekuwa na sentensi zilizonyooka kwa Kiswahili hatakuwa na pa kuegemea.

MWALIMU: Nitaziandika. Ila zitaandikwa mwisho wa kipindi.

MZEE: Mwanzo ungekuwa bora.

MWALIMU: Mwisho, mzee wangu.

MAMA: Mkimaliza kuvutana, mniambie ni siku gani mnataka nije na kichanja. Nitakuja. Lakini nisisimamishwe mbele kama picha ya kuonyeshwa watoto, huku wewe ukiwaeleza ninachofanya. Nitaeleza mwenyewe. Na baada ya hapo nataka nikae nyuma, nisikilize hiyo habari ya mvuke mpaka mwisho, maana asubuhi ya dagaa mimi huwa mwaloni na kipindi chako sikipati.

MWALIMU: Tukiweka Ijumaa saa nane mchana?

MAMA: Ijumaa saa nane naweza. Barafu nitaleta mimi.